Theluthi Isiyotulia

4 Machi

Wifi,

Nianze na kukujulia hali, nisije nikaambiwa nimesoma mpaka adabu ikaisha. Hujambo? Huyo kaka yangu anakula? Bado anasahihishia madaftari ya wanafunzi wake kitandani? Haya, salamu zimetosha, sasa kazi.

Ndani ya kifurushi hiki kuna kikopo kimejaa pamba, na ndani ya pamba kuna fuwele. Usimruhusu mtu wa mapokezi aifungue. Ni nyeusi, haizidi punje ya mahindi, na upande mmoja unang'aa kama kioo. Umeme ulikatika nikiwa naikuza, nikaanza upya. Ukakatika tena, nikaanza upya tena huku nalia. Hii unayoishika ni safi kuliko zote zilizowahi kutoka kwenye tanuri langu. Sina nyingine.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu barua pepe za mradi zinasomwa na Mkuu wa idara pamoja na msaidizi wake, na kwa simu mimi na wewe hatujawahi kumaliza mazungumzo bila kununiana. Kwenye karatasi angalau tunasubiriana zamu.

Juzi mama aliniuliza, "Hivi wewe, kwenye hilo tanuri unapika nini kisicholiwa?" Nikamwambia: mama, ndani ya jiwe hili kuna sumaku ndogo ndogo zisizoonekana kwa macho, zimekaa tatu tatu kwenye pembe tatu. Kila moja inataka kuelekea kinyume na jirani yake. Mbili zinaweza, moja inatazama juu, nyingine chini. Ya tatu ifanyeje? Ikitazama juu inamuudhi huyu, ikitazama chini inamuudhi yule. Mama akasema, "Kama mimi na baba yenu na shangazi yenu," akaendelea kukunja nguo zake.

Sumaku za kawaida ukizipoza hufika mahali zikajipanga zote kwa mara moja, kama maji yanavyogeuka barafu. Hizi zilizokwama, je, nazo hujipanga, au hubaki zinahangaika hata kwenye baridi ya mwisho? Mkuu ameshatangaza mbele za watu kwamba hazigandi kamwe. Wapinzani wetu wanasema zinaganda, na wanacheka. Tarehe 17 Aprili kuna mkutano, wote watakuwepo.

Aliniita ofisini akaniambia bila kuinua macho: "Ukiniletea uthibitisho, tanuri ni lako miaka mitatu mingine. Usiponiletea, chumba nitawapa watu wa betri." Mkataba wangu unakwisha Juni. Nadhani umeelewa.

Ipoze mpaka mwisho wa uwezo wa mashine yako, kisha uniandikie neno moja tu: HAIGANDI.

Wifi yako wa tanuri


13 Machi

Wifi wa moto,

Kifurushi kimefika salama. Fundi ndiye aliyekitoa kile kijiwe kwa kibano, tena ameshika pumzi kama anatoa kibanzi kwenye jicho la mtoto. Aliposhusha kibano akasema, "Aliyekuza hii ana subira." Nikamwambia hakujui.

Huyu Fundi ndiye anayetunza mitambo ya baridi hapa kituoni. Wakati mimi naingia darasa la kwanza yeye alikuwa tayari anajaza heliamu. Ananiita mwanangu, nami nimezoea. Chumba chetu kiko chini ya ardhi, kina mlango mmoja. Katikati limesimama pipa la chuma linalomzidi mtu kimo, na ndani yake sumaku kubwa imezama kwenye heliamu iliyopozwa mpaka ikawa kama maji. Ukutani kuna king'ora cha kupima hewa. Kila Jumatatu Fundi anatukumbusha, kama mwalimu anayeita majina: heliamu haina rangi wala harufu, ikimwagika inafukuza hewa chumbani, na mtu anaanguka hata hajakohoa.

Tumeanza kupoza fuwele yako. Mpaka sasa mstari unashuka vizuri kwenye mchoro. Kuna mahali pamoja nataka kupima tena. Usiniulize ni wapi. Nikiwa na uhakika nitakwambia, na nisipokuwa nao nitanyamaza.

Kaka yako anakula. Madaftari yamehama kitandani, sasa yako kwenye meza ya chakula, na sisi tunakula tumepakata sahani.

Wifi yako wa barafu


19 Machi

Wifi,

"Mahali pamoja nataka kupima tena." Unajua umenifanya nini na sentensi hiyo? Nimeisoma nimesimama, nimeisoma nimekaa. Nimemwagia chai michoro ya mtu mwingine.

Ni kinundu, sivyo? Umeona kinundu kwenye mstari, kile kinachotokea kitu kikiganda. Sema tu. Tulikaa dawati moja chuoni, najua unavyoandika ukiwa umeona kitu usichokipenda: unaandika habari za kaka yangu na madaftari.

Tena kuna hili. Nilipompigia simu kaka aliteleza ulimi, akaniambia kituo kimekupa kazi ya kudumu. Hongera. Nimefurahi, nakuapia. Ila nilitegemea habari kama hiyo niisikie kwako. Sasa najiuliza, kituo hicho kinapokea fuwele za wapinzani wetu pia, si ndiyo? Wanakuja, wanakunywa chai, wanazungumza nawe vizuri?

Samahani. Sikuandika hayo. Nimeyaandika lakini uyasome kama sikuyaandika.

Nisikilize kwa utulivu. Kama kinundu kipo, kiko chini sana, sivyo? Basi ishia juu yake. Hakuna atakayekulaumu kwa kuishia mahali. Kila kipimo kina mwisho wake. Mpe Mkuu mchoro unaoishia pale mstari unapokuwa bado mzuri, tuvuke huu mkutano, halafu tutapima tukiwa tumetulia. Simwambii mtu adanganye. Nasema tusiseme yote kwa siku moja.

Maji yamenifika hapa, wifi. Hapa shingoni.

Wifi yako wa tanuri


25 Machi

Wifi,

Ndiyo. Ni kinundu.

Nimekiona mara ya kwanza, nikasema ni gundi tuliyobandikia fuwele. Nikabadilisha gundi. Kipo. Nikasema ni kipimajoto kimezeeka, nikabadilisha kipimajoto. Kipo palepale. Fundi akaja akautazama mstari kwa muda, akasema, "Mwanangu, hicho hakiondoki kwa kubadilisha vyombo."

Kuhusu kazi ya kudumu: nilipewa barua ya ajira siku ileile uliponiandikia kwamba mkataba wako unakwisha. Ningeanzaje? "Pole kwa yako, mimi nimepata yangu"? Nikasema nisubiri lako likae sawa kwanza. Nimekosea, lakini nilikosea kwa kukupenda. Na wapinzani wako hawajawahi kukanyaga hapa. Hilo swali la chai nimelisoma kama uliliandika, kwa sababu uliliandika.

Sikati mchoro. Nakutumia wote, pamoja na kinundu chake, uuone kwa macho yako wewe na si mwingine. Ukitaka kunichukia, nichukie ukiwa na karatasi nzima mkononi.

Ila usikate tamaa bado. Kinundu peke yake hakisemi kimetoka wapi. Kikiwa ni cha zile sumaku ndogo, nikiwasha sumaku kubwa kitahama mahali pake, kwa sababu sumaku inaisikia sumaku. Kikiwa ni kitu kingine, takataka au ufa kwenye jiwe, hakitajali. Kwa hiyo napandisha nguvu za sumaku kubwa, ngazi kwa ngazi, napima kila ngazi. Kazi hiyo kwa kawaida inakula mwezi. Fundi anasema sumaku yetu imechoka, haitaki kukimbizwa. Najua tarehe ya mkutano wako. Nitakimbiza.

Usifanye lolote kabla hujapata barua yangu. Nakuomba kama wifi, na kama yule wa dawati moja.

Wifi yako wa barafu


6 Aprili

Wifi,

Nimesubiri. Gari la vifurushi limekuja na kuondoka, limekuja tena na kuondoka, hamna bahasha yako. Nimepiga simu kituoni, mtu wa mapokezi ananiambia "hayupo kwa sasa" halafu anakata. Nimempigia kaka. "Yuko kazini," ananiambia, kwa sauti ya mtu aliyekabwa kola. Nikamuuliza, amesema nini kuhusu fuwele? Akasema, "Dada, nitakupigia." Hakupiga.

Basi mmeamua kunizunguka, wewe na yeye.

Juzi Mkuu aliingia chumba cha tanuri, yeye ambaye huwa haingii kwa kuogopa vumbi kwenye suti yake. "Mchoro uko wapi?" Nikamwambia kituo hakijajibu. Akasema, "Watu wa betri wameshakuja kupima milango." Akaweka mkono juu ya tanuri langu kama mtu anayekagua ng'ombe wa kuchinja.

Nikachukua mchoro ulionitumia. Nikachukua mkasi. Nimekata juu ya kinundu, sentimita moja hivi, nikamkabidhi. Akatabasamu. Sijamwona akitabasamu tangu niajiriwe.

Usinilaumu. Ungejibu, nisingekata. Kimya chako ndicho kilichoshika mkasi. Wewe una kazi ya kudumu, una kaka yangu, una kituo. Mimi nina chumba kimoja chenye moto. Nilidhani nimempatia kaka yangu mke, kumbe nimejipatia mshindani, tena nikampa na funguo za nyumba yetu.

Usinijibu. Umeshazoea.

(bila sahihi)


9 Aprili

Dada,

Barua yako ya tarehe sita imefika mikononi mwangu. Sijaifungua, ni ya mke wangu. Lakini umeandika anwani kwa kukandamiza kalamu mpaka bahasha imetoboka, na mimi nakujua tangu ulipokuwa unanifunga kamba za viatu. Sijampa. Subiri nikueleze, kisha uniambie nimpe au nisimpe.

Nilikudanganya kwenye simu. Hakuwa kazini. Yuko hospitali.

Tarehe thelathini ya mwezi uliopita, mchana, walikuwa wanapandisha ile sumaku kubwa. Fundi alimwambia, "Polepole, mwanangu." Yeye akajibu, "Sina muda, Fundi." Maneno hayo nimeyapata kwake mwenyewe, ameyarudia mara nyingi kitandani. Sumaku ikapoteza baridi yake ghafla, na heliamu yote ikageuka mvuke kwa pamoja. Bomba linalopeleka mvuke juu ya paa likapasuka kwenye kiungo, mvuke ukamwagika chumbani. King'ora kikalia. Mke wangu alikuwa karibu na mlango, akatoka. Fundi alikuwa nyuma ya pipa, anafunga valvu.

Akarudi ndani, dada. Alishika pumzi akarudi, akamkuta Fundi chini, akamvuta kwa ukosi wa koti. Waliokuja na mitungi ya hewa waliwakuta wote wawili wamelala mlangoni, yeye bado amemshikilia.

Yeye yuko salama. Kiganja kimeungua kwa ule ubaridi, na sauti imekwenda, anaongea kama anakwaruza sufuria. Fundi alikaa siku kadhaa bila fahamu. Sasa ameamka, ila bado hatujui ameamka kwa kiasi gani.

Mke wangu alipofumbua macho jambo la kwanza aliloniomba ni hili: "Usimwambie wifi kabla ya mkutano. Atatikisika." Nikaapa. Leo nimevunja kiapo kwa sababu ya hiyo bahasha. Sikuulizi ulimwandikia nini. Sikuulizi hata ulimwandikia nini kabla ya hapo, mpaka akamwambia Fundi hana muda.

Sijawahi kukukasirikia, wewe ndiye uliyenilea. Kwa hiyo sijui hasira hii niiweke wapi. Niambie barua nimpe au niichome.

Mdogo wako


10 Aprili

Wifi wa moto,

Samahani kwa kimya. Nilipatwa na mafua mabaya, sauti ikakauka, na homa kidogo. Mwandiko huu wa ajabu ni kwa sababu naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia niliugonga mlangoni. Unajua nilivyo mzembe.

Sikiliza sasa, na ukae chini.

Kinundu kinahama. Kila nilipopandisha sumaku kubwa, nacho kilisogea. Ni sumaku zako ndogo, wifi. Zinaganda. Nasikitika, na sisikitiki, utaniambia mwenyewe ni lipi.

Kwa sababu hayo siyo yote. Kabla sijagusa sumaku kubwa nilishusha baridi mpaka mwisho kabisa wa mashine, chini ya pale ambapo mchoro wako unaishia. Kuna kinundu cha pili. Kidogo, chini sana. Wapinzani wenu hawajakiona kwa sababu mashine yao haifiki huko, na Mkuu hakukiona kwa sababu fuwele zake za zamani zilikuwa chafu, uchafu ukavisawazisha vyote viwili, mstari ukaonekana umenyooka. Yeye akasema haigandi. Wao wakasema inaganda. Fuwele yako ni safi mno, ndiyo maana imesema kitu cha tatu.

Nimepima joto linalotoka kwenye kila kinundu. Cha juu kina kama theluthi mbili ya lote, cha chini kina iliyobaki. Unaona? Katika kila tatu, mbili zinajipanga kwanza. Ya tatu inabaki inageuka huku na huku katikati ya wenzake waliokwisha tulia, haijui imridhishe nani, na baridi inaendelea kushuka, mpaka inafika mahali nayo inakubali. Inaganda kwa awamu mbili. Hizi bado ni dalili, siwezi kuapa mpaka tuhakikishe kwa njia nyingine. Lakini nilipochora mstari ule na kuona vinundu vyake viwili, nilisimama juu ya kiti. Fundi akaniambia nishuke nitavunjika.

Usimpe Mkuu mchoro nusu. Sisemi kwa sababu ya uaminifu, ingawa ni uaminifu. Nasema kwa sababu nusu ile ni uongo mdogo na nzima hii ni ukweli mkubwa, na umeukuza wewe. Nimekuwekea michoro yote. Nenda nayo kwenye mkutano.

Hapa kila kitu shwari.

Wifi yako wa barafu


18 Aprili

Wifi,

Mafua. Uligonga mkono mlangoni. Hapa kila kitu shwari.

Kaka ameniambia kila kitu, barua yake ilitangulia yako kwa siku moja. Usimgombeze. Nilisoma yake, halafu nikasoma yako, nikashindwa kukaa na kushindwa kusimama. Unaweza kulala hospitali kifua kimejaa moto na ukaniandikia habari za vinundu viwili! Nilitaka kupanda gari siku ileile. Kisha nikakumbuka mchoro nusu uko kwa Mkuu, na kwamba nikija kabla ya mkutano nitakuwa nimekukimbilia wewe ili nimkimbie yeye.

Nilikwenda ofisini kwake siku moja kabla ya mkutano, na michoro yako yote. Akaitazama. Siwezi kusema hakuelewa, ana akili nyingi yule. Aligeuza karatasi moja moja. Kisha akazipanga vizuri, akanirudishia.

"Baada ya mkutano," akasema.

"Mkuu, ule niliokupa niliukata."

"Nimeona. Mimi si mtoto. Nilijua umekatwa siku uliponipa."

Alijua, wifi. Alijua na akatabasamu.

Ukumbi ulijaa. Alipoonyesha mchoro wangu ukutani, mkubwa kama nyumba, nikaona pale nilipopitisha mkasi. Hakuna mwingine aliyeweza kupaona, pamesafishwa vizuri kwa kompyuta. Akasema, "Kama mnavyoona, hakuna mpito wowote, hazigandi." Watu wakaandika. Nikanyoosha mkono.

"Maswali baadaye," akasema.

"Si swali," nikasema. Sauti ilinitoka kama ya mtu anayeuza samaki. "Mchoro huo una sehemu ya chini. Niliukata mimi."

Mkuu akasema taratibu, "Kaa chini, utaniaibisha na utajiaibisha." Nikamwambia nimekaa vya kutosha. Nikaenda mbele, nikaweka karatasi yako kwenye mashine ya kuonyeshea, nzima, na vinundu vyake viwili.

Yule mpinzani mkubwa, mwenye ndevu, akasimama kabla sijamaliza. "Kwa hiyo inaganda. Tulisema."

"Mlisema nusu," nikamwambia. "Na sisi tulisema nusu nyingine. Aliyeona yote yuko hospitali sasa hivi, kwa sababu nilimharakisha." Nikasema hivyo mbele ya watu wote, jinsi ilivyo. Nikaeleza habari ya zile mbili zinazotulia na ile ya tatu. Yule mwenye ndevu akakaa, akaanza kuandika haraka haraka, na watu wakaanza kuuliza maswali yenyewe hasa, yale ya kazi. Sikuwa na majibu ya mengi. Niliwaambia nani anayo.

Jioni ileile msaidizi wa Mkuu alikuja kuchukua ufunguo wa chumba cha tanuri. Alikuwa na haya, kijana wa watu. Nikamkabidhi. Tanuri lilikuwa bado vuguvugu.

Sasa, ile barua yangu ya tarehe sita. Kaka ananiuliza aichome. Nimefikiri sana. Ukiisoma utaumia, na usipoisoma nitakaa mbele yako maisha yangu yote nikijua kuna kitu unanipendea kwa sababu hukijui. Nimemwambia akupe. Isome yote, usiruke mstari.

Kisha uniambie nije au nisije. Ukisema nisije nitakuelewa. Mama anasema nije hata ukikataa, lakini huyo unamjua.

Wifi yako, asiye na tanuri


27 Aprili

Wifi,

Nimeisoma. Kaka yako alinipa akatoka nje, akasimama barazani akijifanya anatazama mawingu.

Nitakwambia ukweli kwa sababu umeuomba. Mkasi sikuujali sana, nilishautarajia tangu barua yako ya Machi, na mkasi umeshaulipia. Kilichoniuma ni pale penye funguo. Kwamba miaka yote hii nyumbani kwenu mimi ni mtu aliyepewa funguo, na funguo zinaweza kudaiwa. Nilikaa na sentensi hiyo siku tatu. Niliijibu vibaya mara nyingi kichwani, na mara moja nilimjibu kaka yako badala yako, maskini, alikuwa ameniuliza tu kama nataka maji.

Lakini na mimi nina langu la kukwambia. Kwenye mkutano umesema niko hospitali kwa sababu uliniharakisha. Usiseme hivyo tena. Ulinisukuma, ni kweli. Ila kidole kilichopandisha sumaku kilikuwa changu, na sikio lililomsikia Fundi akisema polepole lilikuwa langu. Nilitaka kukuokoa, na nilitaka pia kuwa wa kwanza kuona. Ukiibeba yote peke yako unaninyang'anya sehemu yangu, na sehemu yangu naihitaji ili niweze kumtazama yule mzee usoni.

Sauti inarudi taratibu. Kiganja kimepona, kimebaki na ngozi ngumu. Kituo kimefunga chumba mpaka bomba lichunguzwe lote. Yule mwenye ndevu ameniandikia, kwa heshima kabisa, anauliza fuwele imetoka kwenye tanuri gani na kama mwenye tanuri ana kazi. Barua yake nimekutunzia. Sitaki kukujaza matumaini, ameuliza tu.

Kuhusu Fundi. Ametoka hospitali, yuko kwake. Anatembea, anakula, anatania. Mambo ya zamani anayakumbuka yote, hata namba za mitungi aliyojaza ujanani. Mambo mapya hayakai. Daktari anasema ubongo ulikosa hewa, na kwamba huenda yakarudi kidogo, huenda yasirudi. Siku ile haikumbuki kabisa. Mkewe anapika, analia jikoni, anatoka akicheka.

Nakwenda kumwona kila siku baada ya kazi. Na kila siku ananikalisha kwenye kiti kilekile, anasogea karibu, ananiuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza siri ya harusi: "Mwanangu, ile fuwele ya wifi yako, mwisho wake iliganda?"

Namwambia, "Iliganda, Fundi. Kwa awamu mbili." Namweleza zile mbili zinazotulia na ile ya tatu inayobaki. Anapiga paja lake. "Mbili!" anasema. "Mbili! Nani angedhani?" Anacheka mpaka anafuta macho. Kila siku, wifi. Kila siku anaisikia kwa mara ya kwanza, na kila siku anafurahi hivyohivyo.

Mimi nikimaliza kumweleza namfuata mkewe jikoni. Njoo. Kesho asubuhi panda gari, usingoje kujibu. Tutagombana tukishakula, nina mengi. Lakini jioni nenda wewe ukakae kwenye kile kiti, akuulize wewe, umweleze.

Wifi yako